Utando wa perilini bisimidi umeharibika: soma dalili, tafuta chanzo

Mwongozo huu ni wa wanaotengeneza tando nyembamba, au filamu kama wengi wanavyoziita maabara, kwa molekuli za rangi ya perilini bisimidi (PBI) zilizofungwa asidi amino kwenye ncha zake mbili. Mifano yangu mingi inatoka kwenye PBI yenye alanini kwa sababu ndiyo wanafunzi wengi huanzia. Ukiwa na valini au fenilalanini, njia ya kufikiri ni ileile, ila namba zitasogea.

Molekuli hii ina tabia mbili zinazovutana. Kiini chake ni bapa, chekundu, na hakitaki maji. Kikikutana na viini vingine hulaliana navyo kama chapati zilizopangwa kwenye hotipoti. Mikia yake ina vikundi vya kaboksili, na hivyo vikipewa besi hubeba chaji hasi, husukumana, na molekuli inakubali kukaa majini. Ukishusha pH, chaji hupungua, msukumano hupungua, na zile chapati hurefuka kuwa nyuzi. Nyuzi zikishikana unapata jeli, na ukikausha, iwe mmumunyo au jeli, unapata utando.

Kwa hiyo utando hurithi hali ya chupa. Katika kesi nyingi ninazoletewa, mtu ameshabadilisha kioo, joto la kukaushia na aina ya mkanda, ilhali kosa lilikuwa ndani ya mmumunyo tangu jana yake. Kabla hujagusa kioo, chukua vipimo vitatu kutoka kwenye chupa: pH, spektra ya ufyonzaji wa mwanga, na tone moja chini ya hadubini. Havichukui zaidi ya nusu saa. Kisha rudi kwenye dalili yako hapa chini. Ndani ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi.

Dalili: unga hauyeyuki, au chupa ina chembe chini

Anza na hesabu. PBI-alanini ina uzito wa molekuli wa 534.5. Miligramu 50 ni mikromoli 93.6, na kila molekuli ina kaboksili mbili, hivyo unahitaji mikromoli 187 za haidroksaidi ya sodiamu (NaOH). Kwa NaOH ya 0.1 M hiyo ni mililita 1.87, jaza maji hadi mililita 10 upate miligramu 5 kwa mililita. Wengi huweka nusu ya kiasi hicho kwa sababu wamesahau kwamba mikia ni miwili.

Hesabu ikiwa sawa, tazama chupa ya NaOH yenyewe. Ilifunguliwa lini? Besi iliyoachwa wazi hunywa kaboni dayoksaidi ya hewani na kugeuka taratibu kuwa kaboneti. Mimi nilipoteza wiki tatu kwa kizibo kilicholegea. Unga ulikuwa ukiyeyuka nusu, nami nikailaumu sintesisi, nikaanza kusafisha upya rangi ambayo haikuwa na kosa lolote. Tengeneza NaOH mpya kwa kiasi kidogo, weka kwenye chupa ya plastiki iliyojazwa karibu na shingo, andika tarehe.

Baada ya hapo, muda. Unga huu haukimbii majini kama sukari. Ukoroge kwa sumaku usiku kucha, joto la chumba. Usishawishike kuupika. Besi kali pamoja na joto hufungua pete ya imidi, ile inayounganisha kiini na mkia, na hapo unakuwa umeharibu molekuli yenyewe.

Maji nayo huleta shida. Kalsiamu na magnesiamu hushika kaboksili mbili za molekuli tofauti na kuzifunga pamoja. Maji ya bomba na hasa ya kisima yana madini hayo, na hata chombo kilichosuuzwa kwa maji ya bomba kikaachwa kikauke kinatosha kuleta ukungu. Tumia maji yaliyoondolewa madini kuanzia kuosha vyombo hadi mwisho.

Chanzo cha mwisho ni mabaki ya sintesisi. Kwa kawaida rangi hii hutengenezwa kwa kupasha anihidridi ya perilini pamoja na asidi amino ndani ya imidazoli iliyoyeyushwa. Anihidridi isiyoshiriki hubaki kama chembe nyekundu iliyokoza, na sehemu yake hufunguliwa na besi ikawa chumvi ya kaboksili nne. Hiyo chumvi hujifichua yenyewe: chini ya taa ya urujuanimno (UV) ya nanomita 365 humeta kijani, wakati PBI iliyojipanga vizuri majini hubaki hafifu. Ukiona mng'ao wa kijani, rudi kwenye usafishaji. Hakuna utundu wa kukausha utakaoondoa uchafu huo.

*Simama hapa:* imidazoli huunguza ngozi na macho, na imeainishwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito asiishike. Kazi ya kuiyeyusha ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke, chini ya mtu aliyekwisha kuifanya. Kama maabara yako haina kabati hilo, usirudie sintesisi; omba maabara yenye vifaa ikutengenezee.

Dalili: pH inacheza, au jeli ina mabonge na viputo

Ukimimina asidi haidrokloriki (HCl) moja kwa moja, pale tone linapoangukia pH huporomoka kabla mmumunyo haujachanganyika. Ni kama kukamulia limau kwenye maziwa: yanakatika. Unachotaka ni mgando wa mtindi, unaokuja polepole na sawasawa kila mahali. Ndiyo maana tunatumia glukono-delta-laktoni (GdL), ambayo huyeyuka kwanza, ikasambaa, kisha ikageuka kidogo kidogo kuwa asidi glukoniki kwa kushirikiana na maji.

Mabonge yakitokea hata kwa GdL, chanzo cha kwanza ni ucheleweshaji. Mageuzi yake huenda haraka zaidi kwenye pH ya juu na kwenye joto. Ukiacha poda ikae chini ya chupa huku ukitafuta kalamu, ile sehemu ya chini tayari imeanza kuganda. Pima GdL kwenye kichupa kikavu, mimina mmumunyo wa rangi juu yake kwa mara moja, zungusha kwa mkono sekunde chache mpaka poda iyeyuke, halafu acha kabisa kugusa. Kuendelea kukoroga ni kukata nyuzi zinazojaribu kushikana.

Kiasi je? Katika mmumunyo ule wa miligramu 5 kwa mililita una mikromoli 18.7 za kaboksilati kwa kila mililita. GdL ina uzito wa 178, hivyo miligramu 3.3 kwa mililita zinalingana nazo moja kwa moja. Miligramu 5 zinatosha na ziada. Ukiweka 15 hupati jeli bora. Unapata chumvi na sukari za ziada ambazo zitakusumbua wakati wa kukausha.

Viputo hutokana na ile kaboneti niliyoitaja. Asidi inapoongezeka, kaboneti hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi ndani ya jeli ambayo tayari imeshika, na kila kiputo kitakuwa tundu kwenye utando. Tiba ni NaOH mpya. Kupiga chupa mezani ili viputo vitoke kunavunja jeli.

Kuhusu pH inayocheza: mara nyingi ni mita. Rangi hii hung'ang'ania kwenye kioo cha elektrodi, nayo inaanza kusoma polepole, kisha vibaya. Suuza elektrodi kwa NaOH nyepesi, halafu maji, halafu ilinganishe upya kwa bafa za 4, 7 na 10, na uihifadhi kwenye mmumunyo wa kloridi ya potasiamu, siyo kwenye maji matupu. Usikadirie kwa karatasi za pH, kwa sababu rangi nyekundu inafunika rangi ya karatasi.

Jambo moja linalowashangaza wanaoanza: jeli huanza kushika pH ikiwa bado juu. Asidi asetiki ina pKa (pH ambapo nusu ya vikundi vya asidi vimebeba chaji) ya 4.76, na mtu hutarajia mikia hii ifanane nayo. Lakini zikiwa zimepangwa karibu karibu, chaji hasi hazipendi kujazana mahali pamoja, hivyo pKa inayoonekana hupanda hadi kati ya 5 na 7. Tofauti ya nusu kizio cha pH katika eneo hilo inabadilisha urefu wa nyuzi, na kwa hiyo utando. Ndiyo sababu sikubali daftari lililoandika "pH kama 6".

Dalili: pete nyeusi pembeni, katikati patupu

Kila mtu amewahi kuiona kwenye meza, pale kikombe cha kahawa kilipovuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza sababu yake mwaka 1997: ukingo wa tone umeng'ang'ania kioo, maji huvukizwa haraka zaidi pembeni, kwa hiyo maji ya katikati hukimbilia ukingoni kuziba pengo na kubeba kila kilichomo.

Ukaguzi wa kwanza ni kasi ya kukausha. Je, slaidi ilikuwa chini ya feni, karibu na kiyoyozi, au juu ya bamba la moto? Funika kwa sahani ya petri iliyoinuliwa upande mmoja kwa kipande cha mkanda, uiache usiku. Hilo peke yake huponya pete nyingi.

Isipopona, ongeza mnato. Mmumunyo mwembamba wenye pH ya juu una mafungu mafupi ya molekuli yanayosafiri kirahisi hadi ukingoni. Mmumunyo ulioshushwa karibu na pH 6 una nyuzi ndefu, mzito zaidi, na nyuzi hazikimbii kama chembe. Njia ya uhakika zaidi niliyoitumia ni kugandisha jeli palepale juu ya kioo: changanya na GdL, dondosha kabla haijashika, funika katika chombo chenye pamba iliyoloweshwa maji ili lisikauke, acha ligande mpaka kesho, ndipo ufungue likauke. Nyuzi zikishashikana, hakuna cha kukimbia.

Chanzo cha tatu ni kioo kichafu. Osha kwa sabuni, suuza kwa maji yasiyo na madini, kisha isopropanoli, kausha kwa nitrojeni au hewa safi. Jaribio lake halihitaji kifaa: mwaga maji juu ya slaidi. Yakitanda kama kitambaa, kioo ni safi. Yakijikusanya kama umande juu ya jani la myugwa, rudia. Kioo kilichosafishwa kwa UV-ozoni au plazima hupoteza usafi wake haraka hewani, kwa hiyo kitumie siku hiyohiyo.

*Simama hapa:* usichanganye asidi salfuriki na peroksaidi ya haidrojeni ili kusafisha kioo, hata kama umeona maelekezo yake mahali. Mchanganyiko huo ukikutana na asetoni au mabaki mengine ya kikaboni hulipuka, na ukifungiwa kwenye chupa hupasua chupa. Kwa utando huu hauhitajiki kabisa. Ukikuta chupa yenye mchanganyiko huo kwenye maabara, usiihamishe; mwite msimamizi wa usalama.

Dalili: utando unapasuka kama tope la mtoni, au unabanduka

Hapa tatizo karibu kila mara ni unene. Fikiria jeli yenye miligramu 5 kwa mililita. Asilimia zaidi ya 99 ya ujazo wake ni maji. Tabaka la jeli la milimita 2 likikauka hadi mwisho linabaki mikromita 7 hivi, na safari nzima hiyo inafanyika huku chini kumeshikwa na kioo kisichosinyaa. Kitu lazima kiachie.

Kwa hiyo punguza kwanza ujazo. Mikrolita 10 za mmumunyo huo kwenye mraba wa milimita 5 kwa 5 huacha mikrogramu 50 za rangi, sawa na utando wa mikromita 1.4 hivi ukichukulia msongamano wa gramu 1.4 kwa sentimita ya ujazo. Ukishuka hadi mikrolita 5, nyufa nyingi hutoweka. Ukitaka utando mnene, ni afadhali kuweka tabaka mbili nyembamba, ingawa tabaka la pili likiwa na pH ya juu litayeyusha la kwanza; lishushe pH kwanza.

Halafu kasi. Ubavu wa nje ukikauka mapema kuliko ndani, ngozi hujifunga na kuvutwa. Joto la nyuzi 25 hadi 30 linatosha. Bamba la moto la nyuzi 80 huua utando dakika tano tu.

Utando ukibanduka mzima bila kupasuka, tatizo ni mshiko, na kioo ndicho cha kukaguliwa. Ukibanduka baada ya kuguswa na unyevu, kumbuka kwamba ulioukausha kutoka pH ya juu bado ni chumvi ya sodiamu na unapenda maji. Unaweza kuufanya uachane nayo kwa kuuweka kwenye mvuke wa asidi haidrokloriki kwa muda mfupi, ambao hurudisha haidrojeni kwenye mikia. Hilo lifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke pekee, na si karibu na elektrodi za chuma, kwa sababu mvuke huo hula chuma.

Dalili: fuwele nyeupe juu ya utando mwekundu

Ni chumvi. Kila ulichotumia kurekebisha pH bado kimo: kloridi ya sodiamu kutoka HCl, glukonati kutoka GdL, au kaboneti kutoka NaOH iliyochakaa. Usirekebishe pH juu chini mara tatu nne. Kila mzunguko unaongeza chumvi. Kama ulipita lengo, mwaga uanze upya. Jeli iliyokwisha kushika unaweza kuisuuza taratibu kwa maji yaliyotiwa asidi kidogo kabla ya kuikausha. Maji yenye besi yataiyeyusha.

Dalili: rangi si ile ya jana

Rangi nyekundu iliyokoza, nyekundu ya matofali, zambarau, karibu nyeusi: nimeonyeshwa zote kutoka kwenye unga mmoja. Usiogope kabla ya kupima.

Kwanza hakikisha kipimo chenyewe kina maana. Molekuli zikiwa zimetawanyika katika mmumunyo mwembamba sana, spektra huonyesha kilele kikuu karibu na nanomita 525, na kidogo chake karibu na 490. Zikipangana uso kwa uso, uwiano hugeuka na kile cha 490 kinakuwa kirefu zaidi. Uwiano huo ndio kipimo changu cha kwanza cha kujipanga, lakini unadanganya kirahisi sana. Mmumunyo wa miligramu 5 kwa mililita ndani ya kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya sentimita 1 hufyonza mwanga wote. Mashine huonyesha kichwa bapa na mtu anaandika "vilele vimepanuka". Hata utando ule wa mikromita 1.4 ni mzito mno. Ukizimua mmumunyo ili upimike, unabadilisha mpangilio uliotaka kuupima. Tumia kuveti ya milimita 0.1 au nyembamba zaidi, au bana tone kati ya slaidi mbili. Kwa utando, tengeneza wa kupimia kutoka mikrolita 1 iliyotandazwa eneo lilelile.

Spektra ikiwa halali na vilele vimehama, angalia pH. Mimumunyo miwili yenye ukolezi mmoja, mmoja wa pH 9 na mwingine wa pH 6, haitoi utando mmoja.

Kama rangi imegeuka zambarau nzito au karibu nyeusi, uliza taa ilikuwa wapi. Mwanga wa UV huipa PBI elektroni ya ziada na kuifanya radikali hasi, yaani molekuli yenye chaji hasi na elektroni moja isiyo na mwenzake, ambayo hufyonza mwanga wa eneo la nanomita 700 na kuendelea hadi karibu 1000. Siyo uharibifu. Oksijeni ya hewa huirudisha ilivyokuwa: kwenye mmumunyo ulio wazi haraka, kwenye utando polepole. Iache gizani, hewani, upime tena kesho. Ikirudi nyekundu, ilikuwa radikali. Isiporudi, fikiria uchafu au imidi iliyofunguka.

Dalili: utando haupitishi umeme, au mkondo unapandapanda

Hapa ndipo watu hufika wakiwa wamechoka, na ndipo hitimisho la haraka linagharimu zaidi, kwa kuwa namba ya umeme huonekana ya kuaminika hata ikiwa ya uongo. Nenda kwa utaratibu.

Kifaa. Multimita ya kawaida inafika mwisho wa uwezo wake kwenye megaohmu kadhaa. Utando huu ukiwa gizani unaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko huo, hivyo mita itaandika "wazi" nawe utasema utando umekufa. Unahitaji kifaa kinachosoma nanoampea au pikoampea.

Miguso. Pima kioo chenye elektrodi bila utando: panapaswa kuwa patupu. Kisha tumia hadubini uangalie kama utando kweli umevuka mwanya kati ya elektrodi. Pete ya kahawa mara nyingi huacha mwanya ule ule unaoupima ukiwa wazi. Rangi ya fedha ya kuunganishia waya ina kiyeyushi kinachoweza kupenya chini ya utando na kuunganisha elektrodi kwa njia ya mkato. Ipake kabla ya utando, ikauke.

Mwanga. Tando za aina hii hujibu zaidi mwanga wa chini ya nanomita 400. Taa nyeupe ya LED ya mezani ina UV kidogo sana, na kioo cha kawaida au plastiki iliyofunika sampuli huzuia sehemu ya UV fupi. Kabla ya kusema utando haujibu mwanga, hakikisha mwanga unafika. Upe utando muda pia. Mkondo unaotokana na radikali hupanda kwa dakika, si kwa papo hapo, na hushuka polepole taa ikizimwa, kulingana na oksijeni iliyopo.

Unyevu. Huyu ndiye mwongo mkubwa, na sisi wa pwani tunamjua vizuri. Dar es Salaam au Mombasa msimu wa masika, utando wa chumvi ya sodiamu hunywa maji ya hewa na ioni za sodiamu huanza kutembea. Mkondo unapanda, mtafiti anafurahi, kisha kiyoyozi kinawashwa na mkondo unatoweka. Weka sampuli kwenye kikaushio chenye silika jeli kwa saa 24, au ipulizie nitrojeni kavu, halafu pima gizani. Mkondo ukianguka mara kumi au zaidi, ulichokuwa unapima ni maji. Kwa sababu hiyohiyo usipandishe volti ili kulazimisha mkondo: kwenye utando wenye unyevu, ukivuka volti 1.23 unaweza kuanza kuyapasua maji yenyewe, na kila kinachofuata hakihusu rangi. Andika unyevu wa chumba kando ya kila kipimo, kama unavyoandika tarehe.

Kuna mtego mmoja zaidi. Taa hupasha joto. Utando ukipata joto hukauka, mkondo wa ioni hushuka. Taa ikizimwa hunywa maji tena, mkondo hupanda. Mtu anaweza kuandika ripoti nzima ya "mwitikio hasi wa mwanga" kumbe ni nguo inayoanikwa. Rudia kwa taa nyekundu inayotoa joto lilelile. Mabadiliko yakibaki yaleyale, si kazi ya UV.

Mwelekeo wa nyuzi uje mwisho, vyote hivyo vikiwa safi. Nyuzi zilizolala kutoka elektrodi hadi elektrodi hupitisha vizuri kuliko zilizolala kukatiza, hivyo zungusha sampuli au tengeneza jozi mbili za elektrodi zenye pembe mraba uone tofauti.

*Simama hapa:* taa ya nanomita 365 inaumiza macho na ngozi ingawa huioni kuwa kali. Vaa miwani ya kuzuia UV, funika kisanduku cha kupimia, na asiwepo mtu anayechungulia. Usifungue taa ya zebaki wala chanzo cha umeme cha volti kubwa ili kukitengeneza mwenyewe. Macho yakianza kuwasha kama yana mchanga saa chache baada ya kazi, nenda hospitali siku hiyo na useme ulikuwa kwenye UV.

Dalili: leo imefaulu, kesho imekataa

Kama umefuata yote na bado matokeo hayarudiki, chunguza umri. Mmumunyo wa PBI hauketi kimya. Mafungu huendelea kukua kwa siku, na hewa iliyo juu yake huendelea kuushusha pH kwa kaboni dayoksaidi. Chupa ya Jumatatu na chupa ya Ijumaa si chupa moja. Chagua umri mmoja, mimi hutumia saa 24 baada ya kuyeyusha, na usipime nje ya huo. Kama mmumunyo uliwahi kupashwa joto, liandike hilo pia, maana kupashwa na kupoa hupanga upya mafungu na hali mpya inaweza kudumu.

Kisha fanya jaribio hili kabla ya kubadilisha kingine chochote. Chukua chupa ya zamani iliyowahi kufaulu na chupa mpya inayokataa, dondosha matone mawili ya kila moja kwenye slaidi moja, funika kwa sahani moja, yakauke usiku mmoja. Asubuhi tazama manne yote kwa pamoja. Ya chupa mbili yakitofautiana, rudi kwenye umri, pH na NaOH. Yakifanana kwa ubaya, geukia kioo na hewa ya chumba. Yakitofautiana hata matone mawili ya chupa moja, chukua mikropipeti yako, pima kwa mizani uzito wa mikrolita 10 za maji mara kumi mfululizo, na uone kama kweli inatoa miligramu 10.